Mwaka Niliojitwika Mwenyewe

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Aayo kilimuumbua Jumanne asubuhi, mbele yangu na beseni la maji ya uvuguvugu. Aayo ni mama kwa Kiiraqw, na ndivyo nilivyomwita mama wa mume wangu tangu siku nilipoolewa hadi siku hiyo nilipomwosha akiwa maiti. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na wifi yangu Martina, binti yake wa mwisho, ambaye sasa naye ni bibi wa watu. Nje wanaume walikuwa wanafunga turubai na akina mama wa jumuiya wanaimba. Nilipokuwa namsafisha sehemu za chini, mkono wangu ukagusa kitu kigumu, na nikakijua kabla sijakitoa. Ilikuwa pete ya mpira, ile wanayowekewa wanawake walioshukwa na kizazi ili kisitoke nje. Nikamtazama Martina. Hakushtuka hata kidogo. "Aliwekewa ya kwanza nikiwa darasa la pili," akasema huku anakamua kitambaa. "Mimi ndiye niliyemsindikiza. Akaniambia nikimwambia mtu atanilaani." Nikapiga hesabu pale pale, maji yakinitiririka viwikoni. Mwaka 1978, mwaka ninaotaka kuusimulia hapa, Martina alikuwa darasa la saba. Kwa hiyo mwaka ule wote ambao Aayo aliniangalia nikihangaika, yeye mwenyewe alikuwa na dawa mwilini, mwaka wa tano huo.

Najua marehemu hasemwi vibaya. Padri alisema maneno mazuri juu yake na mimi nililia kama wengine, ila sikuwa nalilia kile walichodhani nalilia. Nina hasira. Nina umri wa miaka sitini na sita, magoti yananiuma, na nina hasira ya msichana wa miaka ishirini.

Niliolewa mwaka mmoja kabla ya huo wa 1978, nikaletwa katika kijiji chetu cha juu ya barabara inayoteremka kwenda Baray. Mume wangu Lohay alikuwa kibarua wa barabara kule Ngorongoro, kwenye ukingo wa kreta, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na sukari kilo moja na nguo chafu. Januari nikashikwa na uchungu. Nilikaa siku tatu kwenye uchungu huo, wanawake wakinikandamiza tumbo na kuniambia sukuma, sukuma wewe mvivu, na siku ya tatu mtoto akatoka akiwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume. Hawakunipa nimshike. Jioni ile ile Aayo aliingia akiwa amevaa rozari yake shingoni, akaniambia kwamba kuanzia sasa niko kwenye metimani. Metimani ni mila yetu ya kumtenga mtu aliyepatwa na mkosi wa namna hiyo, ili mkosi usimwambukize mwingine wala mifugo wala mbegu. Kanisa lilikuwa limeikataza, serikali imeikataza, na vijana waliosoma walikuwa wakiicheka. Aayo Jumapili alikuwa Mkatoliki safi. Siku sita zilizobaki alikuwa wa mila. Kwa desturi metimani humshika na mume pia, lakini Lohay alikuwa na kazi ya mshahara, na nikagundua kwamba mkosi wetu hauvuki geti la Ngorongoro.

Nilipewa chumba cha pembeni, kilichotenganishwa na ndama upande mmoja na jiko la Aayo upande wa pili kwa kuta za fito na udongo. Dari lilikuwa la chini mno, nikisimama nywele zinagusa masizi. Nilikuwa na jiko langu la mawe matatu, bakuli langu, kata yangu ya kibuyu, na ngozi ya kulalia. Maziwa sikuruhusiwa, kwa ajili ya ng'ombe. Nilikula ugali wa mtama na ngwara, maharage yetu ya huku, zilizochemshwa kwa magadi, asubuhi na jioni, nikisikia upande wa pili wa ukuta wengine wanakoroga uji wa maziwa. Sikuruhusiwa kukanyaga shamba la mtu, wala kupita njia ya wengine, wala kuchota maji wanakochota wengine. Yangu niliyachota bondeni kabisa, chini ya mkondo, ambako hakuna anayechota baada yangu. Mwendo wenyewe nisingeulalamikia, miguu nilikuwa nayo. Kilichoniponza ni kitu kidogo ambacho mwanamume hawezi kukifikiria. Debe la maji hujitwiki. Unatwikwa. Mwenzako anashika upande huu, wewe upande ule, mnainua pamoja, unaingiza kichwa, mnaagana. Mimi hakuna aliyeweza kunigusa wala kugusa debe langu, kwa hiyo wiki ya pili baada ya kuzaa mfu nilikuwa napiga magoti kwenye matope, nalivuta debe la lita ishirini mapajani, nalipandisha tumboni, kifuani, kichwani, peke yangu. Mara mbili kwa siku. Wanawake waliokuwa wananiona kutoka juu walikuwa wakigeuza nyuso, na wengine wao najua walinihurumia.

Ilikuwa siku ya kumi au ya kumi na moja ya kujitwika hivyo nilipohisi kitu kimeteleza. Hakikuuma. Nilihisi uzito tu, kisha nikahisi kama nimebana yai katikati ya mapaja. Nikarudi chumbani, nikachuchumaa, nikapeleka mkono, nikagusa kitu laini, cha duara, chenye unyevu, kisichopaswa kuwa pale. Sikupiga kelele. Nilidhani matumbo yangu yanatoka na kwamba nitakufa kabla ya jioni. Jioni ikafika, sikufa, nikapika ngwara zangu nikala. Nikilala kilirudi ndani; nikiamka na kuanza kazi kilishuka tena. Siku nne nilinyamaza, ya tano nikagonga ukuta.

"Aayo," nikasema, "kuna kitu kimeshuka."

Nilisikia ameacha kusaga. Alikuwa na jiwe lake la kusagia upande ule, na mlio wake ulikuwa ndiyo saa yangu.

"Kitu gani?"

"Huku chini. Kama mpira. Kinatoka nikibeba maji."

Kisha kwenye upenyo wa ukuta, pale udongo ulipobanduka, ukapita mkono wake na kipande cha kanga kuukuu, safi, kimekunjwa mara tatu kwa urefu na ncha zake zimefungwa fundo. "Jifunge na hiki, kaza," akasema. "Ni metimani hiyo, mwanangu. Mwili nao umekasirika. Metimani ikiisha, kitarudi."

Kile kitambaa kilinikaa sawasawa, kana kwamba nilipimwa. Nilikuwa na miaka ishirini, sikujiuliza amejuaje kukikunja.

Na mimi nikaamini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana hakunilazimisha mtu. Niliposikia ni metimani nilifarijika, kwa sababu metimani ina mwisho. Nilikata alama kwenye ufito juu ya kichwa changu, alama moja kila mwezi mwandamo, na kila nilipokata niliona kama nimekiinua kile kitu kidogo kwenda juu. Nilikuwa najua vizuri jambo lililokuwa hatarini. Mke asiyebeba maji na asiyezaa alikuwa na kazi gani katika boma la watu? Nikitoka pale nimepona, nina mume na nyumba. Nikitoka vile vile, nitarudishwa kwetu. Wala sikuhitaji kuambiwa. Mwezi wa nne walikuja wanawake kunywa togwa uani kwa Aayo, na kupitia ukutani nikasikia habari za mwanamke wa Baray. Mmoja alisema, "Nyama imemtoka. Mume kamrudisha kwao na ng'ombe zake kadai."

"Atamfanyia nini sasa?" akasema mwingine. "Debe lililotoboka unachotea maji?"

Wakacheka, na katika vicheko vile nilikitambua cha Aayo. Alicheka kuwazidi wote, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Nimekikumbuka kicheko kile wiki hii yote. Alikuwa ameketi pale kwenye kigoda na pete yake, anamcheka mwanamke wa Baray.

Mwezi wa saba nilitolewa. Mzee wa mila alikuja na majani yake, akaninyunyizia maji, nikanyolewa nywele, nikaoga, nikapakwa siagi, nikavikwa kanga mpya ambayo Lohay alituma. Pombe ilipikwa, watu wakaja, wanawake ambao kwa miezi sita hawakunitazama wakanishika mikono yote miwili na kunipa pole. Martina aliniletea maziwa kwenye kikombe cha bati. Nikanywa, nikawashukuru, nikaomba udhuru, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mihogo. Nikachuchumaa, nikapeleka mkono. Kilikuwa pale pale. Nilikaa pale kwenye mihogo mpaka nikasikia wananiita kucheza, na nilienda, nikacheza, kwa sababu mtu aliyetakaswa anacheza. Usiombe kuruka ngoma huku umebana mapaja. Aayo alinitazama kutoka mlangoni na akaelewa. Nilijua ameelewa kwa sababu aliinamisha macho. Kesho yake asubuhi aliniambia nifungashe niende kwa mume wangu Ngorongoro. "Ukishika mimba nyingine kitapanda chenyewe," akasema. "Mtoto atakisukuma juu."

Kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka ule niliishi kwenye ukingo wa kreta, ambako watu sasa wanalipa fedha nyingi walale usiku mmoja. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha mabati kwenye kambi ya vibarua, kitanda cha chuma kilichobonyea katikati, jiko la mkaa, na dirisha lililozibwa kwa gunia la saruji. Ukungu ulikuwa unaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Nguo hazikauki, chumvi inalowa kwenye kopo. Tulikula ugali na kabichi, kabichi na ugali. Maji yalikuwa ya bomba, hatua hamsini tu, lakini bado nilikuwa natembea miguu imepanuka na kupumzika kila baada ya hatua kumi. Lohay hakuuliza. Wiki ya kwanza alinigusa, akagundua, akageukia ukutani. Wiki ya pili akasema mgongo unamuuma kwa kazi. Nilimsikia siku moja nje akimwambia mwenzake, "Mke wangu bado mgonjwa wa uzazi," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa gari bovu. Alikuwa mtu mwema, amekwisha kufa, na sikumsamehe kabisa sauti ile.

Aliyeuliza alikuwa Nasieku, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa. Alikuwa mrefu, masikio yamejaa shanga, na Kiswahili chake alikiokota sokoni. Asubuhi moja alisimama mlangoni na kibuyu chake, akaniangalia nikitoka bombani, akasema mbele ya vibarua wawili, "Wewe mama, mbona natembea kama ng'ombe imezaa jana?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamvuta ndani, nikafunga mlango, na sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa wa kwetu, nikamwambia. Alinisikiliza akitikisa kichwa, hana hata haya.

"Hiyo tu? Kwetu ng'ombe ikitoka hivyo, naosha mkono, narudisha. Hapana tenga, hapana cheka. Kama nacheka, ng'ombe nakufa, na wewe nalala njaa." Kisha akanishika mkono, akaninyanyua. "Twende kwa mama ya dawa."

Mama wa dawa alikuwa nesi wa Kipare, Mama Eli, kwenye zahanati ndogo ya chumba kimoja na nusu. Alikuwa na sweta la kijani na mdomo mkali. Alinilaza, akanipima, akanawa mikono, na akaniambia kwa sentensi tatu kile ambacho nilikuwa nimekikatia alama kwenye ufito nusu mwaka. Kizazi changu kimeshuka kwa sababu nyama zinazokishikilia zilichanika na kulegea kwa uchungu ule wa siku tatu. Kisha nikabeba mizigo kabla hazijapona. Hakuna laana, wanawake kama mimi anawaona kila mwezi. "Kila mwezi?" nikauliza. "Kila mwezi. Wanakuja wamejifunika kanga hadi machoni, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake duniani." Nililia mpaka akaniambia nyamaza, hapa si kanisani.

Halafu akanifundisha. Kubana kule chini kama mtu anayezuia mkojo, nihesabu hadi tano, niachie, nirudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kubana kwanza na kutoa pumzi ndipo ninyanyue kitu. Ndoo nusu, safari mbili, kuliko ndoo moja iliyojaa. Nile mboga na ninywe maji nisije nikajikamua chooni. Mchana nijilaze nusu saa, blanketi lililokunjwa chini ya makalio. Na nisikae tu kama yai. Nitembee, maana mwili unaokaa bure unalegea wote. Nikaanza kutembea na Nasieku asubuhi, kwenye njia ya ukingo, pole pole, yeye anaongea habari za ndama wake na mimi nabana na kuachia, nabana na kuachia, hakuna anayejua. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafika mbali na kurudi bila kukaa chini. Ilikuwa furaha pekee ya mwaka ule, na naiandika ili isije ikapotea katikati ya uchungu wangu. Mama Eli aliniambia pia kwamba mwezi wa kumi na moja daktari atapita na pete za mpira, na moja ingenitosha. "Ukiwekewa unaweza hata kulima," alisema. "Na kuzaa?" "Ukitaka kuzaa inatolewa. Si kufuli hiyo."

Kabla daktari hajafika, alifika Aayo. Alipanda lori la mbao na mfuko wa unga wa mtama, kuja kuona kama nimeshika mimba. Nilikuwa na furaha, nikamwambia habari ya pete kama mtoto anayemwambia mama yake kapewa peremende. Alikuwa anapepeta unga kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

"Nani mwingine amewekewa?" akauliza.

"Mama Eli anasema wengi."

"Amewataja majina?"

"Hapana."

Akaendelea kupepeta. "Sikiliza, Paulina," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ambao sasa ukinijia nashindwa kumeza chakula. "Mwanamke mwenye mpira ndani hazai tena. Najua. Nimeona kwa macho. Ukiweka kile kitu umefunga nyumba ya mwanangu, na mimi nitamtafutia mwingine. Sikutishi. Nakwambia."

Daktari alipokuja, nilijificha kwa Nasieku hadi gari lake lilipoondoka. Nasieku alinitukana kwa Kimaa, na sikuhitaji kutafsiriwa. Mama Eli alinipita siku mbili bila salamu, kisha akaniuliza kama bado nabana.

Nilibana. Hadi leo nabana. Kwa hizo nusu ndoo na pumzi zile nililima, nikavuna ngano na mbaazi, nikazaa watoto wanne, wote hai, na baada ya kila mmoja kile kitu kilishuka zaidi kidogo. Wifi zangu waliniita Mama Nusu Ndoo, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa na miaka arobaini na moja nilipokwenda hospitali mjini Karatu, peke yangu, nikidanganya kwamba nakwenda kung'oa jino. Nikawekewa pete. Ilichukua dakika kumi, na nilirudi na basi la saa nane. Kwa ajili ya dakika hizo kumi nilikuwa nimekaa miaka ishirini na moja nikitembea na kitambaa katikati ya miguu, na wiki hii, juu ya maiti, ndipo nilipojua aliyenikatia miaka hiyo.

Nimejaribu kumwelewa Aayo. Martina alikuwa mtoto wake wa mwisho. Baada ya pete Aayo hakuzaa tena, na huenda kweli aliamini pete ndiyo iliyomfunga. Huenda aliponizuia alikuwa ananiokoa kwa akili yake. Lakini kitambaa kile hakikukunjwa na imani, kilikunjwa na mtu anayejua. Na aliposema kitarudi, alijua hakirudi. Hapo ndipo kila siku ninapokwama.

Jana, siku ya tatu baada ya maziko, nilikuwa jikoni na binti yangu Veronika tukisugua masufuria ya msiba. Ana miaka arobaini, mwalimu, watoto watatu. Sikuweza tena kunyamaza. Nikamwambia yote, metimani, debe, pete ya bibi yake, na mwisho, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa damu yangu, pete yangu mwenyewe. Nilimlaani yule mwanamke kwa sauti, nikasema hakuna dhambi kubwa kuliko kujua na kumwacha mwenzako gizani. Nikangoja anihurumie.

Veronika aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limekwisha takata.

"Mama," akasema, "mimi nina mwaka wa sita."

Nikamuuliza mwaka wa sita wa nini.

"Tangu nimzae Kelvini. Niliacha kwaya. Niliacha kusimamia michezo shuleni. Nilidhani ni mimi peke yangu." Hakuwa analia, na ningependa angelia. "Wewe umemkasirikia bibi kwa sababu alijua akanyamaza. Mimi nimkasirikie nani?"

Nikavuta kigoda, nikakifuta kwa ncha ya kanga, nikamwambia akae chini tuzungumze. Akasema hawezi kukaa, kimeshuka, amesimama hivyo tangu asubuhi.